Picha Nilizotuma Kutoka Milimani

Kama umeambiwa damu yako imeharibika, haya nakuandikia wewe. Mimi si daktari. Skuli niliacha darasa la nne, nikaenda kubeba mawe. Kwa hiyo usitarajie nikueleze chembe nyeupe na chembe nyekundu. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo, waulize wao. Mimi nitakwambia lile ambalo wao hawalijui: jinsi nilivyokaribia kufa kwa uongo wangu mwenyewe, ugonjwa ukawa msaidizi tu.

Jina langu Salim, mtu wa Pemba, na nimekaa Lewisham, kusini mwa London, muda mrefu kuliko nilivyokaa Pemba. Nilianza kwa kupakua mizigo huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, nikalala watu sita chumba kimoja. Kisha nikajifunza kupiga plasta, nikajifunza vizuri, nikawa na gari zangu tatu na vijana wa kazi. Nusu ya dari za Catford zimepita mikononi mwangu. Nasema hivi si kwa majivuno. Au ni kwa majivuno, basi. Nilikuwa mtu ambaye ukoo mzima ukipata shida unampigia simu, na yeye hampigii mtu.

Ugonjwa ulinijia wakati majani yanaanguka. Mabaka meusi mikononi, nikadhani nimejigonga kwenye ngazi. Nikipiga mswaki natema damu. Nikipanda ghorofa moja na ndoo ya plasta, nakaa chini kama mwanamke mwenye mimba ya miezi tisa. Mke wangu, Zuwena, ambaye amefanya kazi ya kutunza wazee miaka mingi na anajua mwili wa mtu kuliko mimi ninavyojua ukuta, akanivua shati kwa nguvu, akanitazama mgongo, akasema, "Baba Raya, vaa viatu. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Nina kazi Jumatatu."

"Jumatatu unaweza usiione. Vaa viatu."

Chumba cha kungojea cha wagonjwa wa damu utakijua ukikiona. Viti vimefungwa pamoja ili mtu asihame na chake. Televisheni inaongea bila sauti. Kila mtu ameshika barua yake, ameigeuza maandishi chini, kana kwamba jirani akiisoma atamchukulia ugonjwa wake. Nilikaa pale saa nne. Walipoliita jina langu walilikosea kama kawaida, na mara hiyo, wallahi, nilitamani liwe la mtu mwingine.

Wakasema ni saratani ya damu. Dawa ya kwanza nilipigwa baridi ikiwa kali. Wiki nne chumba kimoja, dirisha halifunguki. Ndevu zangu, ambazo zilikuwa nyeupe na nzuri na nilizitunza kwa mafuta, zilibaki kwenye mto asubuhi moja kama manyoya ya kuku. Chakula chote kilikuwa na ladha ya msumari. Naijua ladha ya msumari, nimeshika misumari mdomoni miaka thelathini. Zuwena alikuwa analeta uji, naumeza, unarudi. Analeta tena. Alikuwa anapangusa tu.

Usiku wa pili wa dawa ile nilimwambia, "Asiambiwe mtu Pemba."

Hakushangaa. Sisi ndivyo tulivyo. Aliye mbali haambiwi, kwani atafanya nini huko aliko isipokuwa kukosa usingizi? Mama yangu aliumwa miezi mitano, na kila nikipiga simu naambiwa amekwenda harusini, amelala, yuko chooni. Nikaja kuambiwa keshazikwa. Nilimlaumu mdogo wangu Hamad mwaka mzima kwa hilo. Halafu ilipofika zamu yangu nikafanya lile lile bila hata kufikiri, tena nikaona ni heshima. Binti yetu Raya, ambaye amezaliwa huku na akikasirika Kiswahili kinamkimbia, alisimama mlangoni akasema, "Dad, just tell them." Waambie tu, yaani. Nikamwambia anyamaze, hayajui mambo ya kwetu.

Nilipotoka nilikuwa kijiti. Nesi wetu alikuwa Mkenya, Sista Wambui, mwanamke wa sauti moja tu, ya juu. Akanieleza kwamba ugonjwa wangu unaweza kurudi, na ukirudi patahitajika kupandikizwa mbegu za damu ya mtu mwingine. Na mimi niko kwenye ukingo wa umri wanaoukubali. "Daktari akiona huwezi kutembea, Mzee, hakupatii. Ni hivyo tu. Sasa wewe chagua: kiti ama miguu."

Alinipa karatasi ya matembezi. Ni ya upande wa Sydenham, ambako zamani, kabla London haijakumeza, kulikuwa mji wa watu kwenda kunywa maji ya dawa. Matajiri walikuwa wanatoka mjini na magari ya farasi, wanakunywa maji machungu ya kisimani, kisha wanaambiwa wapande vilima wakatazame mandhari, eti hewa ya juu inamalizia kazi ya maji. Visima vimekwisha, pamebaki bustani yenye jina lao na bata. Lakini vilima havikwenda popote. Karatasi ilikuwa na vituo saba, kila kimoja mahali pa kutazamia mbali, na cha mwisho kilikuwa mnara, kule Shooters Hill, katikati ya msitu, ambako nako kulikuwa na kisima cha namna hiyo hiyo. Mabasi mawili kutoka kwetu.

Tukaanza baridi ilipolegea. Jumapili ya kwanza nilitoka bustanini kwa bata mpaka benchi la kwanza la mlima, hatua labda mia, nikakaa dakika arubaini. Ya pili nikafika la pili. Zuwena anakuja nyuma na chupa ya chai na mfuko wa plastiki, ule wa kutapikia. Watu wanatupita wanakimbia, wengine wazee kuliko mimi, na miguu myembamba ya kuku na kaptura. Niliwachukia. Nasema kweli. Nilimchukia kila mtu aliyepumua bila kufikiri.

Nilipofika juu mara ya kwanza, mji wote ulikuwa chini yangu, na majumba yale marefu ya vioo ambayo mimi nimeyapigia plasta ndani. Nikavaa vizuri kofia yangu ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, kuficha kichwa, nikavaa koti juu ya koti nionekane mnene, nikamwambia Zuwena, "Nipige picha." Nikaituma kwenye kundi la simu la ukoo.

Basi hapo ndipo nilipoukata mkono wangu mwenyewe.

"Mashallah Kaka, umekuwa kijana!" Huyo Hamad. "Anko anapanda milima sasa!" Mpwa mmoja. "Ulaya kuzuri jamani." Sijui nani. Nikafurahi kuliko nilivyofurahia dawa. Jumapili iliyofuata nikatuma nyingine. Ikawa ada. Wiki nzima natapika, nalala chooni kwa kuwa kwenda na kurudi kunanichosha, Jumapili najipaka mafuta usoni nisionekane mkavu, navaa makoti mawili, napanda, nasimama sekunde kumi, nacheka, napigwa picha, nakaa chini. Zuwena alikuwa anasema, "Unamdanganya nani? Huyo anayekupenda au huyo anayekuchukia?" Namwambia piga picha wewe.

Mnara nilifika majira ya joto yakianza, baada ya dawa ya tatu. Mnara wa matofali wenye pembe tatu, kazi safi, chokaa nzuri, sijaona ufa. Hufunguliwa Jumapili. Mzee mmoja wa mlangoni akatuambia ulijengwa na mjane mmoja kumkumbuka mumewe aliyekuwa mkubwa wa manowari. Nikamgeukia Zuwena, nikamwambia, "Umesikia mapenzi hayo?"

Akautazama juu mpaka chini. "Wewe ukifa mimi nitapika hitima. Matofali tafuta mke mwingine."

Tulicheka mpaka ikabidi nishike ukuta. Nikapanda ngazi zote, themanini na kitu, kwa kupumzika kila zamu. Juu unaona mto wote, na upande wa pili mashamba ya Kent. Nikanyoosha mikono miwili kama mshindi. Picha ile ndiyo ilisambaa kuliko zote. Waliituma mpaka Maskati.

Mwisho wa kiangazi ugonjwa ukarudi.

Sitakueleza sana siku ile. Daktari alikuwa kijana mpole, anaangalia viatu vyake. Walikuwa wamekwisha kutafuta kwenye daftari lao la watu wanaojitolea mbegu za damu, hawakumpata anayefanana na mimi. Sista Wambui akanifuata ukumbini. "Mzee, uko na ndugu wa baba mmoja mama mmoja?"

"Ninaye mmoja. Yuko Pemba."

"Basi huyo ndiye dawa yako. Mpigie leo. Si kesho, leo."

Nilipiga nikiwa bado kwenye kituo cha basi. Nikamweleza Hamad yote, haraka haraka, kama mtu anayevua nguo mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo.

"Kaka, mie si mtoto."

"Nini?"

"Majuzi tu ulikuwa juu ya mnara, mikono hewani. Hiyo ni saratani ya damu?"

"Nilikuwa naumwa, Hamad. Picha zote zile nilikuwa naumwa."

"Unaumwa unapanda minara? Mie mzima, nina magoti mabaya, sipandi hata dari." Akateremsha sauti. "Niambie kweli. Nani mgonjwa hasa? Ni tajiri wako wa Kizungu? Amekwambia ulete ndugu, atolewe figo? Hapa kijijini keshakwenda mtu nje akarudi na kovu hapa ubavuni. Tunayajua."

"Mimi sina tajiri! Mimi ndiye mgonjwa!"

"Basi mbona miezi yote hii hukusema?"

Nilitaka kumwambia mbona na nyinyi hamkusema mama alipokuwa kitandani. Yalifika ulimini. Nikayameza, kwa kuwa mwombaji hachagui maneno. Nikamwambia tu nimekosa. Akasema atafikiri, atashauriana na mkewe, akakata simu. Jioni Raya akampigia, naye akajibiwa, "Mtoto wewe, umefundishwa cha kusema." Akalia kwa hasira mpaka akatoka nje.

Wiki tatu nilikaa hivyo. Hapo ndipo nilipojua maana ya kukata tamaa, nami nilidhani naijua tangu zamani, tangu kulala njaa Hayes. Njaa ya Hayes nilikuwa na mikono. Sasa mikono ilikuwa inatetemeka kikombe kinamwagika. Niliwekewa damu ya watu wengine kila siku ya tatu, nami nikawa nawaza, watu nisiowajua wamenipa, wa tumbo moja na mimi anadhani namtapeli. Na hawezi kulaumiwa. Mimi ndiye niliyempa ushahidi, kila Jumapili, na kofia ya vito.

Kisha nikamwambia Zuwena, "Nipeleke mnarani."

"Kufanya nini? Hufiki hata kituo cha basi."

"Raya ana gari."

Hawakutaka. Sista Wambui tulipompigia akapiga kelele, "Mzee, wewe uko na kichwa ngumu kama nini! Ukianguka ukivuja damu?" Mwishowe Raya ndiye aliyechukua ufunguo. Alinitazama akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Twende. Lakini mimi tashika wewe nyuma." Usinifuate katika hili wewe unayesoma. Lilikuwa jambo la kipumbavu, ningeweza kufia pale. Nakwambia lilivyokuwa tu.

Majani yalikuwa yamekwisha kugeuka. Yule mzee wa mlangoni alinikumbuka, akafungua mdomo kunisalimu, akaufunga. Nikaanza kupanda. Nia yangu ilikuwa nifike juu, nisimame pale pale nilipopiga picha ya mikono hewani, nivue kofia, ndugu wauone mnara ule ule na mimi niliyekwisha. Nilihesabu. Ngazi ya kumi nikakaa. Ya ishirini nikakaa. Ya thelathini na moja miguu ikakataa. Haikuniuma, ilikataa tu, kama mbao iliyooza ndani. Nikajikuta nimekaa, paji la uso ukutani, damu inatoka puani inadondoka juu ya koti. Raya yuko nyuma yangu ananishika kwapani, anasema Baba, Baba, Baba. Watu wawili waliotaka kushuka wamesimama juu yetu hawana pa kupita.

Nikamwambia Zuwena, "Nivue kofia."

"Salim, twende nyumbani." Hajawahi kuniita jina mbele ya mtoto.

"Nivue kofia. Na koti. Na la pili."

Akanivua. Nikabaki na fulana, mifupa ya mabega imetokeza kama ya mbuzi wa kiangazi, kichwa kitupu, mikono yote madoa meusi ya sindano, damu mdomoni. Mbele ya wageni. Mimi, ambaye hata mwanangu hajaniona bila shati. "Piga," nikamwambia. Alipiga moja tu. Nikaituma kundini mwenyewe, pale pale ngazini. Maneno nikaandika manne, kwani nguvu za mengi sikuwa nazo: *Hamad. Huyu ndiye mgonjwa.*

Kundi lina watu sitini na kitu. Ukoo ule haunyamazi. Mtu akipika maandazi wanajadili. Siku ile hakujibu mtu. Hata mmoja. Niliona alama za kuwa wamesoma, zinaongezeka, na kimya. Nikawaza, nimejifedhehesha bure.

Siku ya pili asubuhi ikaja sauti ya Hamad, ndefu, na sehemu kubwa ya mwanzo hakuna kitu ila mtu anavuta pumzi. Kisha: "Kaka. Nipo bandarini, navuka kwenda Unguja. Nimeambiwa hospitali kubwa wanatoa damu ya kupima. Lakini niambie jambo moja tu. Figo zangu wanaziacha?"

Nilimpelekea Sista Wambui simu, akamjibu yeye mwenyewe, "Figo zako baki nazo! Sisi tunataka tu kitu ya kwa damu, na itamea tena kama kucha!"

Walipima. Wakasema tunafanana nusu. Nikauliza nusu inatosha? Wakasema siku hizi inatosha. Tukasubiri viza yake wiki saba. Wiki saba hizo nilipigwa dawa nyingine ya kuuzuia ugonjwa, nikapata homa mara mbili, mara ya pili nilimwita mama yangu mbele ya manesi. Hamad alishuka uwanjani baridi imeanza, amevaa viatu vya wazi. Aliponiona hakunikumbatia. Alisimama mbali akanitazama, kisha akageuka akaukabili ukuta, na mabega yake yakawa yanacheza.

Walimpiga sindano siku kadhaa, mifupa ikamuuma hasa. Akalala sebuleni anaguna, na mimi chumbani naguna, Zuwena anasema ana hospitali mbili sasa. Kisha wakamlaza kwenye mashine mchana mzima, wakaleta mfuko mdogo tu, rangi ya supu ya nyanya, wakaniunganishia. Nilidhani nitaona ajabu. Ilichukua muda wa kunywa chai.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko yote, ujue hivyo, wasikudanganye kwamba mfuko ukiisha umepona. Mdomo uligeuka kidonda kimoja. Ngozi ya viganja ilibambuka kama glovu. Siku ya kumi na mbili nilimwambia Zuwena inatosha, awaambie wazime. Akasema, "Waambie mwenyewe, mimi sijui Kizungu," naye anakijua kuliko mimi. Akakaa pale akanishika kidole gumba tu, kwa kuwa sehemu nyingine zote zilikuwa zinauma. Siku ya kumi na tisa wakasema mbegu za Hamad zimeshika.

Sasa ni masika ya huku, maua ya manjano barabarani. Sijapona kama mtu anavyopona mafua. Nimo tu. Damu yangu leo ni ya mdogo wangu, daktari amesema hivyo. Gari nimeuza mbili. Natembea mpaka dukani, na siku nzuri mpaka benchi la pili.

Hamad alirudi Pemba ilipotimia miezi mitatu. Juzi amenipigia.

"Kaka, hujambo?"

Kwetu mtu akiulizwa hivyo, hata kama amelala kaburini atajibu sijambo, alhamdulillahi, kisha baadaye sana ndiyo utasikia jambo lenyewe, au hulisikii kabisa. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni.

"Nina jambo," nikasema. "Nimetapika mara tatu tangu alfajiri. Ngozi inaniwasha mpaka nimelala na glovu. Jana nilikaa bafuni nikalia, sijui nalilia nini."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Haya," akasema. "Endelea. Nina bando la siku nzima."

Nikaendelea.